Dada unataka kuwa jaji Kenya? Anza mapema
Ukimaliza digrii ya sheria usikae nyumbani, nenda Kenya School of Law, pita mitihani, fanya mafunzo chini ya wakili kisha uapishwe kuwa wakili. Uhakimu unaomba kwa Tume ya Huduma za Mahakama, lakini ujaji wa Mahakama Kuu katiba inataka uzoefu wa miaka 10, kwa hivyo tangu siku ya kwanza weka faili, kila hukumu uliyoandika, kila kesi uliyosimamia, maana Tume itakuuliza moja moja, na intavyu ya majaji hufanywa hadharani na wananchi wanaruhusiwa kupeleka maoni juu yako.

Tangazo la nafasi za ujaji likitoka omba, usingoje uambiwe uko tayari, Martha Koome aliomba na 2021 akawa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke.