SOMO: Taka zenye radiumu kwenye mtambo wa maji, kabla hujaita lori

Wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi ya kutupa taka zenye radiumu, kwa hiyo naandika mara moja. Niko Illinois, kwenye mtambo mdogo wa visima virefu. Maji ya huko chini yana radiumu ya asili (metali inayotoa mionzi), na Marekani ukomo kwenye maji ya kunywa ni pikokyuri 5 kwa lita (kipimo cha mionzi), kwa aina zake mbili, 226 na 228, kwa pamoja. Ukiitoa kwenye maji haiishi, inahamia kwenye taka.

1. Orodhesha taka zako: rezini iliyochoka (punje zinazonasa radiumu kwenye maji), mchanga wa chujio, tope, maji ya chumvi ya kuoshea rezini.

2. Pitisha kipima mionzi juu ya tangi. Kinakuonyesha pa kuanzia tu.

3. Chota sampuli juu, katikati na chini.

4. Ziba sampuli. Hapa ndipo nilipokosea. Radiumu 226 mara nyingi hupimwa kupitia wajukuu zake, yaani metali zinazozaliwa inapovunjika: risasi 214 na bismuthi 214. Katikati yupo radoni, naye ni gesi: akitoroka, wajukuu hawazaliwi humo na namba hushuka. Nilipeleka tope kwenye kopo la mtindi, kifuniko kinacheza, nikadai majibu ya haraka. Namba ikaja ndogo, nikaita lori la dampo. Mzee mmoja wa zamu akauliza, "Umeziba siku ngapi?" Tukarudia kwa mkebe usiopitisha gesi, siku 21. Namba ilipanda zaidi ya mara mbili, lori likarudi tupu. Selotepu SI muhuri. Na uliza kama namba ni ya tope bichi au kavu.

5. Peleka majibu kwa mamlaka ya mionzi ya JIMBO LAKO, kisha dampo. Radiumu ya namna hii iko chini ya majimbo. Barua ya ruhusa ya jirani wa jimbo la Wisconsin haikusaidii.

6. Tunza karatasi.

MASWALI

Koki: Mkuu, mchanga si naweza kumwaga tu shambani?
— Hatua ya 5.

Bomba2: Kipima kilionyesha kawaida, nimeshapeleka dampo.
— Nimeandika "pa kuanzia tu". Wapigie leo, kabla hawajakupigia wao.

Koki: Jibu vizuri basi, tunajifunza.
— Somo nimeandika bure, mkuu. Lisome.

DadaMaabara: Kwa nini 21, si 10?
— Swali zuri, dada. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8, na kwa mwendo huohuo hujijenga upya ndani ya mkebe. Siku 10 imefikia kama asilimia 84 ya radiumu. Siku 21, kama 98.

Mchimbaji: Kwetu ni urani.
— Mlango mwingine huo: tume ya nyuklia ya serikali kuu, au jimbo lililokabidhiwa kazi hiyo. Leseni ya jumla (isiyohitaji kuombwa) inaruhusu kukaa na kilo 7 za urani iliyotoka kwenye maji ya kunywa, na kutoa zisizozidi 70 kwa mwaka.

DadaMaabara: Nyongeza: tarehe ya kuziba iandikwe kwenye mkebe wenyewe. Vifuniko hubadilishana.
— Asante. Na chumba cha matangi kipitishe hewa kabla hujaingia. Radoni hukaa humo pia.