SOMO: Kijapani cha kuongea kwa simu yako tu, muda wa ziada (kabla hujaniuliza soma hapa)

Wakuu habari za wikiendi. Kila wiki napata meseji zilezile, "kaka ulianzaje", "ulisoma chuo gani", nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja na kuanzia leo ukiuliza nakuelekeza hapa.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mbeya, chuo cha lugha sijakanyaga. Kilichonianzisha ni magari yenyewe. Ukiwasha gari lililotoka Japani kuna mdada anasema "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", na miaka yote wateja wananiuliza anasema nini na mimi sijui. Anasema kadi ya ETC haijachomekwa, ile ya kulipia barabara kuu za kwao bila kusimama. Siku niliyoielewa kwa masikio yangu niliwasha na kuzima lile gari kama mara kumi.

HATUA YA 1. Nusu saa kila siku, mimi asubuhi kabla sijafungua gereji.

HATUA YA 2. Hiragana, herufi za msingi 46. Wiki mbili tatu zinatosha. Kanji, zile herufi zao ngumu zenye asili ya Kichina, ziache kwanza.

HATUA YA 3. NHK World, shirika la utangazaji la Japani, wana masomo ya mazungumzo kwa Kiswahili, bure, masomo 48, mafupi. Sauti zidaunlodi ukipata waifai usile bando.

HATUA YA 4. Urefu wa sauti. Hapa ndo niliharibu, someni taratibu. Kiswahili kinavuta silabi ya pili kutoka mwisho na wenyewe hata hatujijui, sema "karibu" uisikie hiyo ri. Kijapani hakina hayo mambo, fupi ni fupi na ndefu ni ndefu, ukiivuta umeshabadilisha neno. "Biru" ni jengo, "biiru" ni bia. Nilikuwa namwambia mama mmoja wa Osaka tunayebadilishana lugha kwamba gereji yangu iko "biru no ushiro", nyuma ya jengo, kumbe mdomoni inatoka biiru, nyuma ya bia. Miezi miwili kila tukiagana ananiambia "nomisuginaide ne" na mimi naitikia nikijua ni kwaheri ya kwao. Nilipokuja kutafuta maana ni usinywe kupita kiasi. Niliumia, pombe sijawahi kuonja, nikamwandikia kumweleza, akaniuliza kwa upole sasa gereji iko nyuma ya nini, ndo tukagundua.

Dawa yake gonga kidole mezani, kila pigo la sauti mara moja. Bi-ru ni mapigo mawili, bi-i-ru matatu. O-ba-sa-n manne ni shangazi au mama wa makamo, o-ba-a-sa-n matano ni bibi, na sisi tukilitamka la kwanza kwa mkazo wetu linageuka la pili, utamzeesha mama wa watu bure. Jirekodi, linganisha na sauti ya somo.
ONYO: usijifunze kwa a be che peke yake. Tunaandika Tokyo na Osaka, kwao ni Toukyou na Oosaka, mivuto yote imepotea.
ONYO LA PILI: usisubiri wakusahihishe. Wengi hawakatizi mtu, wataitika "hai, hai" na hiyo hai mara nyingi ni nakusikiliza tu, siyo nimekubali.

HATUA YA 5. Tafuta mtu wa kuongea naye kwenye HelloTalk au Tandem, programu za simu za kubadilishana lugha. Japani wako mbele yetu saa 6, ukipiga saa 3 usiku kwao ni saa 9 usiku watu wamelala. Piga saa 9 alasiri, kwao saa 3 usiku, wameshakula.

MASWALI

Kijana wa Mafinga: Mkuu tupe hiyo sehemu ya masomo ya bure
— Hatua ya 3.

Mwamba255: Mimi naangalia anime mwaka wa tatu, naweza kuruka mpaka hatua ya 5?
— Ruka. Ukimwita mteja "omae", yaani wewe ya kukosa adabu, utaniambia alikujibu nini. Lugha ya wapiganaji kwenye katuni siyo ya kumwamkia mtu mzima, anza na desu na masu, miisho ya sentensi ya heshima.

Dereva Tunduma: Nikimaliza hili napata kazi Japani?
— Kaka nimeandika wapi kazi? Viza ya tokutei ginou, ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, inataka mtihani wa lugha, ama JLPT ngazi ya N4 au ule unaoitwa JFT-Basic, halafu na mtihani wa fani. Anayekuomba hela akupitishe bila mtihani, mkimbie.

Mama Tukuyu: Mwanangu, binti yangu anasema Wajapani kila kitu wanakihesabu kivyake, ni kweli? Nimetamani kuelewa.
— Shikamoo mama. Ni kweli, na wewe utalielewa haraka kwa sababu tuna ngeli. Sisi tunasema watu wawili, miti miwili, vitu viwili, mbili inafuata jina lake. Wao wanaangalia umbo. Kitu kirefu ni hon: ippon, nihon, sanbon. Bapa kama karatasi ni mai: ichimai, nimai. Watu ni hitori, futari, sannin. Ndizi zenu hapo, moja ni ippon, kichane ni hitofusa. Mwambie binti ahesabu vitu vya jikoni kila jioni, na wewe uitikie, mtafika wote.

Mwanachuo Iringa: Na r yao? Nasikia kama l.
— Umesikia vizuri, iko katikati, ulimi unagusa mara moja tu. Halafu shika na hili: ukiulizwa "hujala?" wanajibu kama sisi, "ndiyo, sijala", kwa hiyo hapo usibadilishe kitu.

Dereva Tunduma: Samahani kwa lile swali. Nje ya mada fundi, redio ya gari langu inakamata stesheni chache sana
— Hakuna shida kaka. Redio za kwao nyingi FM inaanzia 76 inaishia 90, zetu zinafika 108, funga ekspanda, kifaa cha kuiwezesha redio ikamate stesheni za juu ya hapo. Na ukiwa kwenye skrini, palipoandikwa 戻る panasomeka modoru, ni rudi, bonyeza hapo ukipotea kwenye menyu.