Kuvaa kwa ajili ya upepo: Oktoba, kutoka Leeds hadi Whitby

Kosa lilikuwa langu. Mtoto wa dadangu alinipigia simu kutoka Mombasa akijiandaa kuja kusoma hapa Leeds, Uingereza, akaniuliza, "Khalati, mwezi wa kumi huko ni majira gani?" Nami nilikuwa jikoni, mkono mmoja kwenye sufuria, nikamjibu kwa neno la shuleni: "Ni vuli, mwanangu." Basi akafungasha vuli anayoijua yeye: madera manne ya pamba, ndara, mwavuli, na koti la jinzi la kujitoa lawamani. Vuli ya Mombasa ni mvua mbili tatu za usiku na jasho asubuhi. Vuli ya Yorkshire, jimbo letu la huku, ni majani kupukutika, nyuzi 12 mchana kweupe, na upepo unaoingilia kwenye mkono wa nguo ukatokea shingoni.

Wiki ya tatu akasema amekosa bahari. Mtoto wa Mji wa Kale akikosa bahari huna la kumwambia, unampeleka. Tukapanda basi nambari 840, linalotoka Leeds, likapita York, Malton na Pickering, likakata nyika za juu mpaka Whitby, mji wa pwani, zaidi ya saa tatu njiani. Alivaa raba nyeupe za kitambaa. Mchana, tukiwa nusu ya ngazi za kwenda kwenye magofu ya abasia, monasteri ya kale, akakaa chini akaniambia meno yanamuuma kwa baridi. Nimeshawapeleka wengi Whitby tangu siku hiyo, na hakuna aliyepanda basi kabla sijamkagua mlangoni.

Kwanza elewa unavaa kwa ajili ya nini. Kwetu tunavalia jua. Huku wageni wengi hudhani wanavalia baridi, wakajazana masweta mpaka mikono haishuki, na bado wanatetemeka. Adui wa pwani hii ni upepo. Siku ya nyuzi 12 mjini Leeds, nyuma ya majengo, utafungua koti. Nyuzi hizo hizo kwenye gati la Whitby, Bahari ya Kaskazini ikivuma usoni, utatafuta mlango wowote ulio wazi uingie. Kwa hiyo nguo ya juu kabisa ndiyo ya kulipia pesa, nayo haihitaji kuwa nene. Iwe tu haipitishi upepo wala maji, ifunike makalio, iwe na kofia yenye kamba ya kukaza, na iwe pana saizi moja kuliko yako ili sweta ipate nafasi chini yake. Mwavuli uache nyumbani. Wa binti yetu ulipinduka kabla hatujavuka daraja, na pipa la pale tayari lilikuwa na mingine miwili.

Mwilini usianze na pamba. Hili watu wetu hunibishia sana, kwa sababu tumelelewa kuamini pamba ndiyo nguo ya heshima. Ni kweli, kwa Mombasa. Lakini sikiliza: basi lina joto, unatoka jasho, pamba inalinywa lote. Unashuka Whitby, upepo unakupiga, na sasa umevaa kitambaa kilicholowa. Sufu hata ikiwa na unyevu inaendelea kukutunzia joto. Fulana nyembamba ya sufu ikikushinda bei, chukua ya polista, hizi za watu wa mazoezi, maana hukauka upesi. Yangu niliipata kwa pauni 6 kwenye duka la hisani, yale maduka yanayouza nguo zilizotolewa sadaka. Mimi huyaita Kongowea ndogo, kwa jina la soko letu la mitumba Mombasa. Tofauti ni kwamba mitumba ya huku haijasafiri, na wakati mwingine nikishika sweta nzuri huwa nawaza: ungechelewa kidogo tu, ungefika kwa mamangu ndani ya beli.

Ukiwa dukani usiangalie rangi kwanza. Geuza sweta, tafuta kitambulisho kilichoshonwa ubavuni kwa ndani, usome asilimia ya sufu. Ikiwa chini ya nusu, irudishe. Kisha inyooshe juu ya taa. Ukiona mwanga unapenya kwenye matundu ya ufumaji, na upepo utapita hapo hapo.

Wavuvi wa pwani hii walilijua hilo zamani. Walikuwa na sweta yao, wenyewe waiita gansey, ya sufu ya buluu iliyokaribia weusi, uzi wa nyuzi tano zilizosokotwa pamoja, iliyofumwa kwa kubana hata ukiishika ni kama mkeka. Hufumwa kwa duara, bila mshono wa ubavuni. Mbele na nyuma ni sawa, ili upande mmoja ukichakaa uigeuze. Mkono hufumwa kuanzia begani kushuka, ili ncha ya mkono ikilika uifumue na kuifuma upya bila kugusa sehemu nyingine. Na kifuani ina michoro: kamba, ngazi, mifupa ya samaki. Watu wa pwani husimulia kwamba kila kijiji kilikuwa na michoro yake, na kwamba maiti aliyetupwa ufukoni alijulikana kwao kwa sweta yake. Nilipoelezwa hayo nilimgeukia binti nikamwambia, hii ni leso ya wanaume. Nguo inayosema mwenyewe ni nani. Mpya iliyofumwa kwa mkono ni ghali mno, mimi sina. Lakini ina kasoro moja kwetu: mkono wake umebana. Ukitaka kutawadha, haupandi juu ya kiwiko bila vita. Sweta ya safari ijaribu dukani kwa kuivuta mkono hadi juu ya kiwiko. Ikikataa, iache.

Na sala ziangalie unapopanga siku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma saa moja, na ghafla jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kama matatu za Likoni. Huna muda wa kuvua na kuvaa matabaka matano kila mara, kwa hiyo chagua nguo unayoweza kusali nayo kama ilivyo.

Sasa dera. Sikuambii uliache. Nililiacha mimi miaka yangu miwili ya mwanzo hapa, nikatembea na suruali za kijivu kama bawabu, na kila nikijiona kwenye kioo cha duka nilikuwa nadhani ni mtu mwingine. Dera au buibui pwani ya Whitby lina tatizo moja tu: ni tanga. Dawa yake ni uzito kwenye pindo, na ni kazi ya jioni moja.

Tafuta sarafu 12 za peni mbili. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, kwa hiyo zote ni gramu 85 hivi. Utazisikia, lakini hazitakuchosha. Chagua zilizotengenezwa kabla ya 1992, mwaka umeandikwa pale pale. Baada ya hapo walianza kuzitia chuma ndani na kuzipaka shaba juu, nazo zikikutana na maji ya chumvi zinatoa kutu na kuchafua kitambaa. Ukiwa na wasiwasi, ipelekee sumaku: ikinasa, si yenyewe. Fumua pindo kwa shubiri moja, ingiza sarafu ndani ya kijimfuko cha utepe wa pamba, kishone pande zote nne ili isitembee, kisha rudisha pindo. Ruka shubiri, shona nyingine, mpaka uzunguke. Usiziweke zote mbele na nyuma ukasahau ubavuni, kwani upepo wa gatini hauna adabu, huja kutoka popote. Chini ya dera vaa taitsi za sufu. Hakuna atakayeziona, na kama sarafu zimeshonwa vizuri, hakika hakuna atakayeziona.

Mtandio wa shifoni ubaki wa harusi. Chukua wa jezi, ule unaovutika, uufunge juu ya kofia ya ndani inayobana, kisha miisho yote miwili uiingize ndani ya koti kabla ya kufunga zipu. Pini moja begani inatosha. Mimi huongeza ya pili nyuma ya shingo, kwa sababu nimewahi kuukimbiza mtandio wangu mita 50 mbele ya watu waliokuwa wanakula vibanzi kwa utulivu wao.

Viatu. Ngazi za kupanda kwenye abasia ni 199, za mawe, na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Soli ya ngozi hapana, kisigino hapana, na kiatu kipya hapana hata kama ni buti ya kupanda mlima. Kivae nyumbani wiki nzima kwanza. Soksi mbili, nyembamba chini, ya sufu juu, na vidole bado viweze kucheza. Soksi mbili ndani ya kiatu kilichobana ni baridi zaidi ya soksi moja, maana damu haizunguki.

Rangi ndipo starehe ilipo, na hapa sina adabu ya Kiingereza. Watu wengi huku Oktoba ikiingia huvaa nyeusi, kijivu na buluu ya giza, halafu wanalalamika kwamba anga ni zito. Mimi huanza na leso. Naitandika kitandani, naangalia rangi za pindo na za mji, nachagua mbili tu kati ya hizo, na nguo zote nyingine zinafuata hizo mbili. Leso yangu ya Whitby pindo lake ni damu ya mzee, na mji wake una manjano iliyokolea kama bizari. Basi koti ni damu ya mzee, mtandio ni manjano, dera jeusi, buti za kahawia. Kwa bahati, hizo hizo ndizo rangi za majani ya msimu huu, lakini mimi sikuyaiga majani, nilinunua leso hiyo Biashara Street kabla sijawahi kuona mti ukivua nguo. Jina lake ni "Mdhaniaye ndiye siye," na kila Oktoba natamani ningelibandika kwenye dirisha la basi. Jua lile linalong'aa kupitia kioo, ukadhani utashuka bila koti, ndilo hilo hilo.

Usije bila leso hata kama huvai rangi. Ndani ya basi inafunika magoti. Kwenye benchi lenye umande unaikunja mara nne unakalia. Kwenye nyasi karibu na abasia tumeisalia. Binti aliitumia kukaushia miguu kule Sandsend, ufuko wa mchanga jirani na Whitby, baada ya kung'ang'ania kuigusa bahari. Nilimwambia maji yale yako kama nyuzi 13. Alikimbilia ndani, akapiga kelele moja, akarudi mbio. Bahari aliyoikosa haikuwa ile. Lakini alicheka mpaka akasahau meno.

Wenye buibui jeusi, niwape siri. Mara mbili kwa mwaka, masika na kuelekea mwisho wa Oktoba, Whitby hukusanya watu wapenda weusi: makoti marefu, vitambaa vya lesi, wanja mpaka kwenye mashavu, desturi iliyoanza 1994. Niliangukia humo bila kujua, na buibui langu lenye nakshi mikononi. Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya meusi akanisimamisha darajani, akashika mkono wa buibui kwa adabu, akaniuliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia yuko Mombasa. Akauliza kama anatuma kwa posta. Miaka yote hapa, sijawahi kupita mahali bila kutazamwa kama siku ile.

Ukirudi, usilale kabla ya kufuta buti kwa kitambaa chenye maji ya bomba, chumvi ikikauka hupasua ngozi. Sufu usiioshe, itundike dirishani usiku mmoja itoe harufu ya vibanzi. Na chini kabisa ya begi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, weka soksi moja kavu ya kila mguu. Hizo ni za kuvaa ndani ya basi la kurudi, mara tu milango ikifungwa.