SOMO: Jinsi ya kupanga safari fupi ya Nepal ukitokea Afrika Mashariki

Habari zenu wote. Tangu mimi na mke wangu turudi Arusha kutoka Nepal, kila anayenipigia simu anaanza na swali moja: ilikula shilingi ngapi? Ni swali la haki na nitaligusa. Lakini kilichotuumiza sisi ni siku kuliko pesa. Tulikuwa na siku tisa za likizo, tukazipanga vibaya, na kosa hilo tukalilipia kwa tiketi mpya ya ndege. Kwa hiyo somo hili linaanza na kalenda. Pochi itafuata.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kitu kingine chochote

Wengi wetu tunapitia Ghuba: Doha, Dubai au Sharjah. Ukijumlisha na masaa ya kusubiri kuunganisha, kwenda kunakula siku nzima na kurudi kunakula nyingine. Siku tisa zimeshakuwa saba. Toa moja ya akiba, zinabaki sita. Siku sita ni za sehemu mbili. Tatu hazitoshi, hata ukiambiwa na nani.

Nasisitiza kwa sababu ratiba nyingi utakazouziwa zina Kathmandu mji mkuu, Pokhara mji wa ziwa, Chitwan hifadhi ya wanyama na Lumbini alikozaliwa Buddha, vyote ndani ya wiki moja. Kwenye ramani zinaonekana jirani. Kathmandu hadi Pokhara ni kama kilomita 200, sawa na Dar hadi Morogoro, ukadhani utapanda basi asubuhi na chakula cha mchana ukile umeshafika. Barabara ile inafuata mto Trishuli katikati ya milima, kona juu ya kona, malori yamepangana, mahali pengine wanachimba. Basi linachukua saa saba hadi tisa. Sisi tuliweka Kathmandu siku mbili, Chitwan mbili, Pokhara tatu. Siku mbili kati ya hizo saba tulizimaliza tukiangalia kisogo cha dereva.

Ratiba ambayo ningeifuata leo ni hii: usiku tatu Kathmandu, usiku tatu Pokhara, kisha urudi Kathmandu ulale usiku mmoja kabla ya ndege ya kimataifa. Huo usiku wa mwisho usiuguse. Sisi tuliufuta ili tubaki Pokhara kidogo, tukakata ndege ya ndani ya asubuhi ituunganishe na ya kwenda Ghuba mchana. Ilikuwa Januari. Bonde la Kathmandu asubuhi za Januari hujaa ukungu, na ndege haziwezi kutua mpaka jua liupasue. Tukakaa uwanjani Pokhara, juu yetu anga safi kabisa, milima inang'aa, huku ndege yetu ya kurudi nyumbani ikiondoka bila sisi. Hakuna wa kumlaumu, hali ya hewa ndiyo hiyo. Ila pesa haikurudi, na mke wangu alikosa siku moja ya kazi aliyokuwa ameahidi kwa mdomo wake.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Oktoba na Novemba ndiyo miezi mizuri kuliko yote, mvua zimeisha na milima inaonekana. Machi na Aprili pia ni vizuri, japo vumbi na ukungu wa moshi huwa mwingi. Desemba na Januari kuna baridi kali asubuhi na usiku, lakini mchana una jua na wageni ni wachache. Juni hadi Septemba ni masika yao: mawingu yanafunika milima na maporomoko ya udongo yanafunga barabara. Kwa safari fupi, miezi hiyo iache.

Angalia pia sikukuu ya Dashain, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Watu wote wanarudi vijijini, mabasi yanajaa kama yetu ya Moshi wakati wa Krismasi, na maduka mengi yanafungwa.

Hatua ya 3: Viza na makaratasi

Hapa ni rahisi. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wanapata viza wakifika uwanja wa Tribhuvan, Kathmandu. Siku 15 ni dola 30, siku 30 ni dola 50, siku 90 ni dola 125. Fomu unajaza mtandaoni kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji kabla ya kuondoka, unachapisha karatasi, unakwenda nayo. Beba dola taslimu, noti safi zisizochanika. Usitegemee mashine ya kadi pale dirishani. Wenye pasipoti za Ethiopia na Somalia hawamo kwenye utaratibu huu, wanatakiwa kuomba viza kabla ya kusafiri.

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ibebe mkononi, usiifungie kwenye begi kubwa.

Hatua ya 4: Ndege, na kiti cha kukaa

Ukitokea Ghuba kwenda Kathmandu, kaa dirisha la kushoto. Milima iko kaskazini, na siku ikiwa safi utaiona theluji kwa muda mrefu kabla ya kushuka. Kurudi, kaa kulia. Ukiruka kutoka Kathmandu hadi Pokhara, kulia pia. Safari yenyewe ni kama nusu saa.

Ndege yetu ya kutoka Ghuba ilijaa vijana wa Kinepali wanaorudi nyumbani baada ya mikataba ya kazi ya miaka miwili, mitatu. Aliyekaa kando yangu hakuwa amemwona mwanawe tangu azaliwe. Wenye ndugu zao Doha, Muscat au Dubai mtaelewa hali iliyokuwa ndani ya ndege ile magurudumu yalipogusa lami.

Hatua ya 5: Pesa

Hela yao ni rupia ya Nepal, na dola moja inavuka rupia 130. Shilingi zetu hazibadilishwi huko. Chumba kisafi cha nyumba ya wageni Thamel, mtaa wa wageni katikati ya Kathmandu, kinapatikana kwa dola 15 hadi 30. Sahani ya dal bhat, yaani wali, dengu, mboga na achari, haikufilisi, na mara nyingi wanakuongezea wali na dengu bila malipo. Kinachokula pesa ni tiketi za ndege za ndani, kwa sababu mgeni analipishwa kwa dola bei iliyo juu kuliko ya mwenyeji, na viingilio vya maeneo ya kale, Bhaktapur kikiwa ghali kuliko vingi.

Plagi zao zina vijiti vya duara, hivyo nunua kigeuzi kabla ya kuondoka. Laini ya simu ya Ncell au Nepal Telecom unaipata ukiwa na pasipoti na picha moja ndogo.

Hatua ya 6: Nini cha kuona ndani ya siku sita

Kathmandu iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, karibu sawa na Arusha, kwa hiyo kichwa hakitakuuma. Siku ya kwanza nenda Boudhanath jioni. Ni kuba jeupe kubwa lenye macho ya Buddha yaliyochorwa pande nne, na watu wanalizunguka kwa kufuata mwendo wa saa: bibi vizee wenye tasbihi, watawa, watoto wa shule. Jiunge nao, usizunguke kinyume. Mimi si Mbuddha, lakini nilizunguka mara tatu bila kuchoka.

Pashupatinath ni hekalu la Kihindu kando ya mto Bagmati, mahali wanapochomea maiti hadharani. Asiye Mhindu haingii hekalu kuu, anatazama kutoka ng'ambo ya mto. Naomba sana: usipige picha za wafiwa. Niliona wageni wakisogeza kamera zao hadi kwenye uso wa kijana aliyekuwa anamzika mama yake kwa moto, nikaona aibu kwa niaba yao.

Siku ya tatu ipe Bhaktapur yote. Ni mji wa matofali mekundu na milango ya mbao iliyochongwa. Mzanzibari akisimama mbele ya milango ile atakaa. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, lililoua karibu watu 9,000 nchini, liliangusha mahekalu mengi hapa, na mafundi wanayarudisha kwa mbao na matofali, kwa mikono. Kula juju dhau, mtindi mzito unaouzwa ndani ya vibakuli vya udongo.

Pokhara ni ziwa Phewa, na nyuma yake milima ya Annapurna. Amka saa kumi alfajiri upande kilima cha Sarangkot ukalisubiri jua. Mlima unaoonekana mkali kama mkuki ni Machapuchare, mita 6,993. Ni mtakatifu na kuupanda ni marufuku. Nilipenda kujua kwamba katika nchi inayoishi kwa wapanda milima upo mlima mmoja walioamua kuuacha.

Ukitaka kutembea milimani, lala usiku mmoja Dhampus, kijiji cha juu karibu na Pokhara. Poon Hill, mita 3,210, inahitaji siku tatu au nne, basi toa mengine. Kwa waliopanda Kilimanjaro, huo ni mwinuko wa kati ya Mandara na Horombo. Kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, ni safari ya wiki mbili. Kwenye siku tisa usiitaje. Eneo la Annapurna lina kibali cha rupia 3,000, na tangu Aprili 2023 kanuni inataka mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada, Mombasa: Sisi Waislamu tutakula nini, na msikiti upo?

Dada yangu, nchi ni ya Wahindu wengi na ng'ombe hachinjwi, lakini Waislamu wapo tangu karne nyingi. Katikati ya Kathmandu, karibu na mnara wa saa wa Ghantaghar, kuna misikiti miwili mikubwa, Jame na wa Kashmiri, na ukiuliza pale utaelekezwa mikahawa ya halali. Kwingineko dal bhat ya mboga inatosha kabisa. Momo, yale maandazi madogo ya mvuke yenye nyama ndani, uliza kwanza ni nyama gani.

Mdau, Mwanza: Mkuu, nasikia ndege zao za ndani zinaanguka. Si bora basi?

Hofu yako ina msingi. Januari 2023 ndege iliyokuwa inakaribia kutua Pokhara ilianguka na kuua wote 72 waliokuwemo, na Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika yote ya Nepal kuruka kwenye anga lake tangu 2013. Lakini barabara nayo si salama: Julai 2024 maporomoko yalisukumia mabasi mawili kwenye mto Trishuli usiku. Ukichagua basi, safiri mchana, nje ya masika, na uhesabu siku nzima. Sisi tulikwenda kwa barabara, tukarudi kwa ndege. Sitakuchagulia.

Mdau, Kampala: Homa ya manjano wanauliza?

Kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, ndiyo, na Uganda imo, Kenya pia. Mtanzania asijiachie, abebe kadi, kwa sababu hata uwanja wa kuunganishia ndege unaweza kukuuliza.

Kaka, Muscat: Nina siku tano tu za likizo ya Idi. Nisiende?

Nenda, kaka. Wewe uko karibu kuliko sisi. Ila Pokhara isahau. Kaa bonde la Kathmandu siku zote, ulale usiku mmoja Nagarkot, kilima cha zaidi ya mita 2,000, kama kilomita 30 kutoka mjini, milima unaiona ukiwa kitandani kukiwa kweupe. Jumamosi kule ni siku ya mapumziko, ofisi zimefungwa. Na saa yao iko mbele ya ya kwetu Arusha kwa saa mbili na dakika 45: hapa ikiwa saa sita mchana, kule ni saa tisa kasorobo. Usiirekebishe simu kwa kukisia. Ukiona risiti imeandikwa mwaka 2080 na kitu, usidhani mashine imeharibika, kalenda yao iko mbele ya hii yetu kwa zaidi ya miaka 56.

Mama wa watoto wawili, Dodoma: Je, kwa mtu mweusi ni kugumu?

Mama, tulitazamwa sana, hasa vijijini. Watoto walitaka kumshika mke wangu nywele, na wengi waliomba picha. Matusi hatukuyasikia. Mke wangu aliichoka ile kutazamwa kufikia siku ya nne, na nadhani ni vizuri ujue hivyo kabla hujaenda. Kilichosaidia ni salamu. Ukimwahi mtu kwa namaste, macho yake yanageuka kuwa tabasamu.

Mdau, Tanga: Lugha tutaelewana?

Wanaoishi kwa wageni wanajua Kiingereza. Lakini utashangaa ni maneno mangapi unayo tayari. Chai wanaiita chiya, achari ni achar, laki ni lakh, na bima ni bima hiyohiyo. Vitu pokea na toa kwa mkono wa kulia, viatu vua mlangoni, na usimpe mtu chakula ulichokwisha kukiuma. Wala wao hawamwiti mtu kwa jina kavu. Mwanamke aliyekuzidi umri ni didi, mdogo wako ni bahini. Mwanaume aliyekuzidi ni dai, mdogo wako ni bhai. Mama wa nyumba ya wageni Pokhara alikuwa ametuhudumia kimya siku mbili. Asubuhi ya tatu mke wangu akamwita didi. Akavuta kigoda, akakaa nasi, akaanza kuuliza tuna watoto wangapi.