Namna ya Kusoma Rekodi ya Mrushaji wa Besiboli Aliyepitia Timu Nyingi

Rekodi ya mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, aliyechezea timu saba au nane katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani humfanya msomaji mgeni adhani kwamba mtu huyo alifukuzwa kila alikofika. Mara nyingi sivyo. Masharti ya mikataba humhamisha mchezaji sawa na uwezo wake unavyomhamisha, kwa hiyo anayetaka kuielewa safari yake hana budi kuyajua masharti hayo kabla hajagusa takwimu za uwanjani.

Anza na orodha ya uhamisho, yaani ile inayoonyesha tarehe za kusajiliwa, kubadilishanwa, kushushwa kwenye ligi ndogo, yaani zile zilizo chini ya Ligi Kuu, na kupandishwa, na uisome sambamba na orodha ya mechi alizocheza, kwa sababu mbili hizi hazilingani kila mara. Mrushaji Edwin Jackson aliweka rekodi ya kuchezea timu nyingi zaidi katika ligi hiyo, nazo ni 14, na Rich Hill akaifikia mwaka 2025. Tarehe 27 Julai 2011 Chicago White Sox walimpeleka Toronto Blue Jays, na siku hiyo hiyo Toronto wakampeleka St. Louis Cardinals, ambako alitwaa ubingwa wa World Series, fainali ya ligi hiyo, mwaka huo. Orodha ya uhamisho ya mwaka 2011 inaitaja Toronto, ilhali hakuirushia mpira hata mmoja hadi mwaka 2019, ilipokuwa timu yake ya 14.

Hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu inazishinda nyingine zote kwa umuhimu, ni kuhesabu muda wa utumishi. Siku 172 katika Ligi Kuu, zikiwemo zile anazouguza jeraha akiwa kwenye orodha ya majeruhi ya ligi hiyo, huhesabiwa kuwa mwaka mmoja kamili. Muda huo huandikwa kwa mtindo unaowapotosha wengi: 3.045 si desimali, bali ni miaka 3 na siku 45, na mwenye 3.171 akiongeza siku moja tu anafikisha 4.000. Anayefikisha miaka 6 huwa huru kusaini na timu yoyote mkataba wake unapokwisha. Kabla ya hapo timu ndiyo yenye kauli. Hata hivyo, siku 43 tu zinatosha kumpatia haki ya pensheni, na ndiyo maana mkongwe wa ligi ndogo hupokea kwa furaha mwito wa kwenda kuziba pengo la aliyeumia, hata akijua kwamba atarudishwa alikotoka.

Kisha chunguza ni misimu mingapi ambayo timu inaweza bado kumshusha. Mchezaji aliyemo katika kikosi cha wachezaji 40 anaweza kupelekwa ligi ndogo na kurudishwa bila timu nyingine kuruhusiwa kumchukua, lakini kwa kawaida ni kwa misimu 3 tu, na msimu huhesabiwa akikaa huko siku 20 au zaidi. Misimu hiyo ikiisha, timu haiwezi kumshusha kabla ya kuzipa timu nyingine nafasi ya kumdai. Hapo ndipo mrushaji wa kiwango cha kati anapoanza kuzungushwa, kwa hiyo ukimwona amebadilisha timu mara tatu ndani ya msimu mmoja, tazama hapa kwanza kabla ya kuulaumu mkono wake.

Fedha nazo hueleza jambo. Chicago Cubs walimpa Jackson mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 52, wakamwacha Julai 2015 huku wakiendelea kuulipa. Timu inayomsajili mtu wa namna hiyo hutoa kima cha chini cha mshahara wa ligi tu, na Atlanta Braves walimchukua mwezi uliofuata.

Sasa ndipo ufungue takwimu, na uzisome kwa tahadhari. Wastani wa mikimbio (pointi za wapinzani) anayowajibika nayo hupatikana kwa kuizidisha mikimbio hiyo kwa 9 na kugawanya kwa awamu alizorusha, na kila awamu huisha wapigaji watatu wakitolewa. Aliyeruhusu mikimbio 3 katika awamu 10 ana 2.70, ambao ni mzuri sana. Akiruhusu 4 jioni moja huku akimtoa mpigaji mmoja tu, wastani unaruka hadi 6.10. Kwa mrushaji wa akiba, yaani anayeingia katikati ya mechi, aliyekaa na timu wiki chache, namba hiyo peke yake haifai kumhukumu. Mafanikio makubwa pia hayamhakikishii mtu makazi. Tarehe 25 Juni 2010, akiwa na Arizona Diamondbacks, Jackson aliwanyima Tampa Bay Rays pigo lolote la mafanikio na kushinda 1–0, ingawa alirusha mipira 149 na kuwaachia wapigaji 8 kituo cha bure kwa mipira isiyolengwa vizuri. Siku 35 baadaye alipelekwa White Sox, kwa kuwa Arizona ilikuwa inafanya vibaya, na timu za hali hiyo huuza wachezaji kabla ya dirisha la katikati ya msimu kufungwa.

Mwisho, kagua mechi za nje ya Ligi Kuu, kwani takwimu za Japani, Korea Kusini, Meksiko na timu za taifa hazijumlishwi humo. Rekodi ya Jackson katika Ligi Kuu inakoma mwaka 2019, lakini mwaka 2021 alikuwa Tokyo katika kikosi cha Marekani kilichopata medali ya fedha ya Olimpiki.