Jinsi ya kupita barabara ya zamani ya Entebbe ukiisoma historia yake

Siku hizi kila mtu wa Uganda anayetoka Kampala kwenda Entebbe anakimbilia ile barabara mpya ya kulipia, imefunguliwa 2018 na ushuru wakaanza kukata Januari 2022, haya, ina raha yake, lakini kama unataka historia ya njia hii ya mwambao wa ziwa Victoria pita ile ya zamani. Jua tu kwamba mambo yalianzia ziwani yakapanda kuja Kampala, so ukitokea Kampala unaisoma kinyumenyume.

Panda taksi (yaani matatu) Old Taxi Park, Kampala, kabla ya saa moja asubuhi, la sivyo jamu ya Kibuye na Najjanankumbi itakumaliza, mimi nishakaa Zana dakika arobaini natazama mgongo wa lori lilelile la matooke.

Kajjansi mwambie kondakta "mu maaso awo" (Kiganda, hapo mbele) ushuke kidogo. Angalia vigae vyekundu na matofali, udongo wa hapa ndo huo, Uganda Clays wapo tangu 1950. Kisubi utaipita, misheni ya Wakatoliki na mashule, ukiwa na haraka chungulia tu dirishani.

Kituo cha kukaa ni Entebbe yenyewe. Jina linatokana na entebe, yaani kiti, wanasema mzee Mugula wa ukoo wa Mamba alikuwa anakata kesi amekaa kwenye viti vilivyochongwa mwambani. Waingereza nao wakaja wakaweka serikali yao hapohapo ikabaki mpaka uhuru 1962, sasa gavana yuko Entebbe, Kabaka, mfalme wa Buganda, yuko Mengo kule Kampala, barabara ingekosaje kuwepo! Chukua boda uende bustani ya mimea, ni ya 1898, shuka mpaka majini tumbili wakikutazama, na ufiche ndizi zako. Ule uwanja wa ndege wa zamani, wa mateka wa ile ndege iliyotekwa 1976, usijipeleke na kamera, ni eneo la jeshi.

Malizia Kigungu. Hapa ndo wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padri Lourdel (Waganda walimwita Mapeera) na Bruda Amans, walishuka kwenye mtumbwi tarehe 17 Februari 1879 wakitokea kusini mwa ziwa (na msisahau, Kiswahili kilishafika kwa Kabaka Mutesa kabla yao, na wafanyabiashara wa pwani). Kuna kanisa na ziwa liko mbele yako kabisa. Agiza ngege (sato) wa kukaanga, ila uliza bei kabla hajaingia kwenye mafuta.