Kutuliza taswira ya Jua kwa kioo kinachoinama: mwongozo kutoka Mtwara

Darubini ya Jua iliyoko Haleakala, Hawaii, ina kioo kikuu cha mita 4, na kioo kingine chembamba chenye visukumizi 1,600 vinavyokibadilisha umbo karibu mara 2,000 kwa sekunde ili kufuta mtikisiko ambao hewa inauleta kwenye picha. Sisi tuanze na sehemu ya kwanza ya kazi hiyo: kioo bapa kinachoinama pande mbili ili picha isichezecheze.

Hatua ya 1. Funga kichujio cha jua mbele kabisa ya darubini. Usikiweke kwenye lenzi ya jicho: joto hukipasua, na jicho halirudi. Weka darubini asubuhi upande wa bahari, Shangani kwa mfano. Mabati ya mjini yakishapata moto, hewa ya juu yake hucheza mno, na programu haikusaidii.

Hatua ya 2. Tafuta doa la jua, yaani sehemu nyeusi kwenye uso wa Jua, lenye kingo kali. Soma dirisha la pikseli 64 kwa 64 tu kulizunguka, kamera iende kasi. Hifadhi fremu (picha moja ya kamera) iliyo safi iwe rejea.

Hatua ya 3. Kwa kila fremu mpya, programu itelezeshe rejea juu yake hadi zilingane. Umbali uliotelezeshwa ndio kosa.

Hatua ya 4. Sukuma kioo kidogo kwenye mhimili mmoja, andika doa limehama pikseli ngapi. Rudia kwa mhimili wa pili. Umepata matriki ya 2 kwa 2, yaani jedwali la namba nne linaloonyesha volti fulani inahamisha doa pikseli ngapi. Matriki kinyume chake ndiyo inayogeuza pikseli kuwa volti za kioo.

Hatua ya 5. Hapa usiharakishe. Kila mzunguko (kutoka fremu kupigwa hadi kioo kusogea), geuza kosa kuwa volti, lizidishe kwa kizidisho, yaani namba inayoamua nguvu ya sahihisho, kisha ulitoe kwenye amri iliyotangulia. Anza na 0.1, panda polepole. Doa likianza kuyumba kwa mdundo wake lenyewe, punguza kizidisho hadi nusu.

Likiendelea kuyumba, pima muda kutoka fremu kupigwa hadi kioo kusogea. Sahihisho lililochelewa ni sawa na nahodha kukata usukani wimbi limeshapita: linaongeza mtikisiko. Usitazame wastani, tazama mzunguko uliochelewa kuliko yote. Milisekunde 2 zisizobadilika ni bora kuliko 1 inayoruka ghafla hadi 20. Zima intaneti na masasisho, utengee mzunguko huo kiini chake cha prosesa, na kuchora picha kwenye skrini kufanywe na programu nyingine.

Hatua ya 6. Mwanga ukishuka kwa wingu, simamisha mzunguko, kioo kibaki kilipo. Badilisha rejea kila dakika chache, maana doa nalo hubadilika. Kioo kikikaribia mwisho wa mwinamo wake, acha mota ya darubini ivute iliyobaki.